Breki Hazifeli

Iko sentensi moja fupi, yenye maneno mawili tu, ambayo nimeisikia redioni, nimeisoma magazetini na nimeambiwa misibani mara nyingi mno: "Breki zilifeli." Husemwa kwa sauti ya chini, kichwa kikitikiswa, na ikishasemwa mazungumzo hukoma. Hakuna anayeuliza swali la pili. Lori limeshuka mlima bila kusimama, limekumba daladala, limepitia magenge ya wauza ndizi, limelala ubavu. Miili imehesabiwa. Breki zilifeli. Ajali haina kinga. Tumwombe Mungu.

Mimi nasema sentensi hiyo ni ya uongo. Tena ni uongo wenye faida kwa baadhi ya watu, na ndiyo maana haufi. Maadamu tunaukubali, malori yataendelea kushuka milima yetu kama mawe, nasi tutaendelea kuchangishana sanda.

Niruhusu kwanza, ndugu msomaji, nianze na maneno yenyewe, maana nimekula chaki maisha yangu yote na siwezi kuacha kusahihisha. "Kufeli" ni neno la shuleni. Mtoto amefeli mtihani. Sasa mtihani una mtungaji, una msimamizi, una tarehe na una alama. Ukiniambia breki zimefeli, nakuuliza kama mwalimu: zilifanya mtihani gani? Lini? Nani alisimamia? Zilipata ngapi? Ukinijibu kwamba hazikupimwa, basi hazikufeli. Aliyefeli ni yule aliyepaswa kuzipima.

Neno la pili ni "ajali". Neno hili tulilipata kwa Waarabu, na maana yake ya asili ni muda uliowekwa, saa ya mtu ya kuondoka duniani. Kwa maana hiyo wahenga walisema kweli kwamba haina kinga, kwa sababu hakuna aliyepata kukikimbia kifo. Lakini wahenga hawakuwa wakizungumzia lainingi iliyokwisha. Sisi tumelichukua neno la kifo, tukalipachika kwenye kazi ya spana, na sasa kila mzembe ana methali ya kujifunikia.

Angalia jinsi maelezo yetu yanavyoishia pale yalipopaswa kuanzia. Julai mosi mwaka 2018, mkoani Mbeya, lori liliteremka likagonga magari ya abiria, na watu wapatao 20 wakapoteza maisha. Tuliambiwa ni breki. Tarehe 24 Februari 2024, pale Ngaramtoni nje ya mji wa Arusha, lori liligonga magari mengine na watu 25 wakafa. Maelezo ya awali yalikuwa breki. Siyataji haya ili kumhukumu mtu. Nayataja kwa sababu katika visa vyote viwili neno "breki" lilipokelewa kama jibu, na kwa macho yangu lile lilikuwa swali.

Mimi si fundi. Nilikuwa mwalimu wa fizikia, baadaye nikawa mkuu wa chuo cha ualimu. Lakini breki ya lori si uganga, na mtu yeyote aliyemaliza darasa la saba anaweza kuielewa kwa robo saa. Nitaieleza hapa kwa kirefu kidogo, kwa kuwa asiyekijua kitu ndiye anayedanganywa kirahisi.

Malori yetu mengi makubwa, pamoja na matela yake, hutumia breki za upepo zenye ngoma, au dramu kama wasemavyo mafundi. Ngoma ni chuma cha duara kinachozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna viatu viwili, yaani breki shuu, vilivyovikwa lainingi. Injini inaendesha kompresa, kompresa inajaza matanki upepo. Dereva anapokanyaga, upepo hukimbilia kwenye kibuyu cha chuma kilicho karibu na kila gurudumu, ambacho mafundi hukiita busta. Ndani ya busta mna mpira. Upepo unausukuma mpira, mpira unasukuma fimbo, fimbo inasukuma mkono unaoitwa silaki, silaki inazungusha chuma chenye umbo la herufi S, na herufi hiyo inapozunguka inavipanua viatu vikaikumbatia ngoma. Hapo gari husimama.

Basi. Hakuna siri nyingine. Lakini tazama ile fimbo. Mambo yote yako kwenye fimbo.

Busta lililozoeleka sana huitwa aina ya 30, kwa sababu sehemu inayosukumwa na upepo ina ukubwa wa inchi za mraba 30. Upepo ukiwa pauni 100 kwa kila inchi ya mraba, fimbo inasukumwa kwa nguvu ya pauni 3,000, yaani zaidi ya uzito wa kilo 1,300. Ni nguvu kubwa. Ila fimbo hiyo ina safari yenye mwisho. Katika busta la kawaida la aina hii, safari yote ni milimita 64. Baada ya hapo mpira umegota, na hata ukikanyaga kwa miguu miwili, hakuna kinachoendelea. Ndiyo maana wataalamu wameweka mpaka: breki ikikanyagwa kikamilifu, fimbo isitoke zaidi ya milimita 51. Yapo mabusta ya safari ndefu ambayo yana kipimo chake, lakini kanuni ni ile ile. Kila lainingi inavyolika, ndivyo fimbo inavyolazimika kutoka mbali zaidi kabla viatu havijaigusa ngoma. Inabidi kukaza silaki, au kubadilisha lainingi.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo ningependa kila abiria alijue. Katika gari dogo lenye breki za mafuta, breki zikilegea, kanyagio huzama na mguu hupata habari. Katika breki za upepo mguu haupati habari yoyote. Kanyagio liko vile vile, geji ya upepo inasoma vizuri, na katika barabara tambarare, kwa kukanyaga kidogo kidogo, gari linasimama kama kawaida. Dereva anaweza kutoka Dar es Salaam akapita Chalinze, akapita Morogoro, akaikata Mikumi, huku fimbo zake zikitoka milimita 55 au 58, na asijue. Hawezi kujua kwa kuendesha. Anaweza kujua kwa njia moja tu: kushuka, kuinama na kuangalia.

Asipoangalia, mlima utamwangalia. Wahenga walisema kupanda mchongoma kushuka ndio ngoma, na katika habari hii ngoma ni ngoma kweli. Chukua lori lenye uzito wa tani 50 likishuka mlima ambao kimo chake ni mita 300. Ukipiga hesabu ya fizikia ya sekondari, nishati inayopaswa kwenda mahali fulani ni jouli milioni 147. Hiyo inatosha kuchemsha zaidi ya lita 400 za maji yaliyokuwa baridi, yaani mapipa mawili makubwa. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na injini, kama dereva ameingiza gia nzito kabla ya kuanza kushuka. Inayobaki huingia kwenye ngoma kama joto. Na chuma kikipata joto hutanuka. Ngoma inapotanuka, inavikimbia viatu. Kwa hiyo fimbo inatakiwa kusafiri mbali zaidi kuvifikisha. Lainingi nayo ikipata moto kupita kiasi hupunguza kushika. Breki iliyokuwa milimita 50 asubuhi ina akiba. Breki iliyokuwa 60 asubuhi haina. Katikati ya Kitonga, au Sekenke, au Iwambi, fimbo inafika mwisho wa safari yake. Upepo upo. Kanyagio lipo. Dereva anakanyaga mpaka mguu unatetemeka. Gari haliitiki.

Niambie, je, breki hiyo imefeli? Imefanya kile hasa ambacho hesabu ilisema itafanya. Ilianza kukifanya wiki tatu kabla, uani kwa mwenye gari, na pale mlimani ilimaliza tu.

Kupima fimbo hakuhitaji mashine ya kutoka Ulaya. Kunahitaji vitu viwili ambavyo kila mwalimu anavyo: chaki na rula. Unaegesha gari mahali pa tambarare na kuweka vigingi kwenye matairi. Unajaza upepo, unazima injini, unaachia hendibreki. Unapiga alama ya chaki kwenye fimbo pale inapotokea kwenye busta. Utingo anakanyaga breki kikamilifu, upepo ukiwa kati ya pauni 90 na 100, na wewe unapima chaki imesogea kiasi gani. Unaandika. Unakwenda gurudumu linalofuata. Lori lenye ekseli tatu na tela la ekseli tatu lina mabusta 12. Ukitumia dakika mbili kwa kila moja, umemaliza kwa dakika 24. Hiyo ndiyo kinga ambayo tunaambiwa ajali haina.

Nilifundishwa hayo na dereva wa chuo chetu. Lori letu lilikuwa la tani kumi, likibeba kuni, unga na, kwa utaratibu wa siku zile, wanachuo. Dereva yule alikuwa na elimu ya darasa la nne, lakini alikuwa na daftari. Kila Jumatatu alikuja ofisini kuomba kipande cha chaki, na mhasibu alikuwa akimcheka. Mwaka 1996, siku ya kuwapeleka wanachuo kwenye mazoezi ya kufundisha wilaya ya jirani, ambako kuna mteremko mkali, alinijia alfajiri.

"Mkuu, gari haliendi."

"Kwa nini, mzee? Si lilitembea jana?"

"Lilitembea tambarare. Njoo uone mwenyewe."

Nikaenda na tochi. Nyuma kushoto, chaki ilikuwa imesogea milimita 58. Akakaza, lakini lainingi ilikuwa imekwisha, riveti zimeanza kuikwaruza ngoma. Lainingi mpya haikuwapo mjini. Ofisi iliyokuwa juu yetu ilipiga simu kuuliza kwa nini wanachuo hawajaondoka, na nilipoeleza niliambiwa kwamba magari ya wenzetu yanatembea na hali hiyo hiyo. Nilikataa. Wanachuo 64 waliondoka siku tisa baadaye, wakafika, wakafundisha, wakarudi. Mimi nikapata barua ya onyo kwa kuchelewesha mazoezi. Barua hiyo ninayo mpaka leo, na ninaiona kuwa cheti kizuri kuliko vyote nilivyopata kazini.

Yapo mengine ya kuangalia, na yote ni ya macho, masikio na mikono. Lainingi isipungue unene wa kama milimita 6. Ngoma isiwe na ufa wala madoa ya bluu, maana bluu ni dalili kwamba imepikwa. Pasiwe na grisi au oili kwenye lainingi, kwa kuwa breki yenye mafuta huteleza, na gari huvuta upande mmoja. Mabusta na silaki za ekseli moja ziwe sawa kulia na kushoto. Matanki yatolewe maji kila siku. Injini ikiwa imezimwa, sikiliza: upepo unaovuja hulia kama nyoka. Na fundi ajihadhari na mambo mawili. Lile busta la nyuma lenye springi ya hendibreki lisifunguliwe ovyo, kwa sababu springi yake ina nguvu ya kuua mtu. Vumbi la lainingi nalo lisipulizwe kwa upepo, kwa sababu lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huharibu mapafu taratibu.

Huenda msomaji akasema mzee huyu ana ukali wa bure. Nina sababu. Miaka michache iliyopita nilikwenda kumzika mwanachuo wangu wa zamani, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu. Alikuwa amepanda daladala akitoka kuchukua mitihani ya majaribio ya darasa la saba. Lori lilitoka mlimani likawakuta wamesimama kituoni. Mwakilishi wa mwenye lori alikuja na bahasha ya rambirambi na gunia la mchele, akasimama mbele ya wafiwa akasema breki zilifeli, ni kazi ya Mungu. Watu wakaitikia. Nilimtazama yule mtoto mkubwa, wa miaka kama kumi na miwili. Alikuwa ameshaanza kuelewa kwamba mama yake ameuawa na Mungu. Hapo ndipo nilipoona kwamba ile sentensi haitoshi kuitwa kisingizio. Ni kashfa kwa Mungu, na ni mafundisho mabaya kwa watoto.

Najua nitajibiwa nini. Nitaambiwa kwanza kwamba vipuri ni ghali. Kweli. Lakini kukaza silaki hakuhitaji kipuri, na chaki si ghali. Anayeweza kununua lori na tela, na kulijaza dizeli la kufika Tunduma, asituambie ameshindwa rula. Na kama kweli hana fedha ya lainingi, basi hana gari. Ana chuma kizito kilichowekwa magurudumu.

Nitaambiwa pili kwamba madereva ndio wazembe: wanatoa gia mlimani ili kubana mafuta, wanaziba bomba la busta linalovuja badala ya kulitengeneza. Wapo, na nimewaona. Lakini tuulize wanabana mafuta ya nani, na kwa nini. Dereva anayelipwa kwa safari hulipwa kwa kufika. Zile dakika 24 za kuinama chini ya gari hakuna anayezilipa. Dizeli anapimiwa kwa kibaba. Akisema gari haliendi, kuna kijana mwingine anasubiri langoni. Sijapata kusikia tajiri akimsifu dereva kwa kuchelewa. Ukimlipa mtu kwa mwendo na kumnyima muda wa kupima breki, halafu akafa, usije msibani kutusomea tabia yake.

Nitaambiwa tatu, na hili ndilo la kisasa zaidi, kwamba siku hizi kuna silaki zinazojikaza zenyewe, kwa hiyo mambo ya chaki yamepitwa na wakati. Silaki hizo zipo na ni jambo jema. Huko Marekani ni lazima kwa magari ya breki za upepo yaliyotengenezwa tangu mwishoni mwa Oktoba 1994, na baadhi ya magari hayo huishia huku kwetu yakiwa mitumba. Lakini kitu kinachojikaza nacho hulika, nacho hukwama. Tena kina hatari yake: kikionekana kimelegea, fundi asiyejua hukikaza kwa spana, fimbo inarudi kwenye kipimo kwa siku chache, na ugonjwa wenyewe unabaki umejificha.

Hapa nitatoa mfano wa mbali, kwa sababu unatuonyesha jinsi watu wengine wanavyouliza swali la pili. Aprili 2003, katika mji mdogo wa Glen Rock, jimbo la Pennsylvania, lori la kubebea mchanga na kokoto lilishindwa kusimama kwenye mteremko, likagonga magari madogo na kuua watu wawili. Kwetu ingetosha kusema breki zilifeli. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani haikuridhika na hilo. Wakaguzi walikwenda chini ya lori. Wakakuta breki zilizolegea kupita kipimo. Wakakuta kwamba silaki zinazojikaza zenyewe zilikuwa zikikazwa kwa mkono badala ya kutafutwa kwa nini zinalegea. Kisha wakaandika kisababishi, na kisababishi chao hakikuanza na neno breki. Kilianza na mwenye gari, kwamba hakusimamia kazi yake, hata dereva asiyefundishwa akaendesha gari la breki za upepo, lililozidi uzito na lisilotunzwa. Wakaongeza mafundi waliokosea kuutambua ugonjwa. Wakaongeza pia kwamba maelezo na maonyo kuhusu silaki hizo hayakuwa ya kutosha. Marekani si pepo, na malori yao yanaua pia. Lakini angalia sarufi ya taarifa ile: kila tendo lina mtendaji. Taarifa zetu ni kama insha ya mtoto aliyevunja kikombe: "Kikombe kimevunjika, mwalimu."

Nasi hatushindwi kukagua tunapotaka kukagua. Tazama mizani. Lori la masafa marefu hupimwa uzito kwenye mizani mara kadhaa kabla ya kufika mpakani. Iko sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, yenye kikomo cha tani 56, na ukizidisha unalipa. Kwa nini? Kwa sababu lami ni ghali na magari mazito huiharibu. Sina ugomvi na hilo. Lakini nimesimama kwenye foleni za mizani mara nyingi nikiwa abiria, na sijapata kumwona mtu akiinama na rula. Lori lililozuiwa kwa sababu limezidi tani moja nimeliona. Lori lililozuiwa kwa sababu fimbo zake tatu zimezidi kipimo sijaliona. Huko Amerika ya Kaskazini wakaguzi wakikuta asilimia 20 ya breki za gari ni mbovu, gari linalala pale pale mpaka litengenezwe. Sisi tumeipa lami mizani, na binadamu tumempa stika ya kubandika kwenye kioo. Stika inakaguliwa kutoka nje, dereva akiwa amekaa na injini ikiwaka. Breki haionekani kutoka huko.

Basi nadai mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa nje.

Kwanza, muda wa kupima breki uwe sehemu ya safari na ulipwe kama safari. Kila lori liwe na daftari, kila busta liwe na mstari wake, na chini iwepo sahihi ya aliyepima na sahihi ya mwenye gari au meneja wake. Sahihi ya pili ndiyo muhimu. Mtu akijua kwamba jina lake liko kwenye karatasi, huanza kuona mbali.

Pili, pale penye mizani pawe na shimo la ukaguzi na mtu mwenye rula. Foleni ipo, magari yamesimama, madereva wamekaa bure. Tayari tunao muda ambao tunasema hatuna. Na kabla ya kila mteremko mkubwa pawe na uwanja wa lazima wa kusimama na kupima, gari likiwa bado juu, maana huko chini hakuna anayepima.

Tatu, vyuo vya udereva na vya ufundi vifundishe fimbo kabla ya usukani. Mtu asipewe leseni ya gari la breki za upepo mpaka amelala chini ya gari, ameshika chaki, na ameweza kueleza kwa nini milimita 58 ni kifo ilhali mguu unamwambia kila kitu ni shwari.

Nne, na hili nawaelekeza ninyi mnaoandika magazetini na kusoma taarifa redioni. Mkiambiwa tena kwamba breki zilifeli, msiandike nukta. Ulizeni fimbo zilitoka milimita ngapi, gurudumu moja moja. Ulizeni zilipimwa mara ya mwisho lini, na aliyepima anaitwa nani. Ulizeni nani aliambiwa kwamba lainingi zimekwisha, na alijibu nini. Majibu yakikosekana, andikeni kwamba hayakuwapo, na mtaje aliyepaswa kuwa nayo. Wafiwa wana haki ya kujua zile milimita.